Ratili Hamsini na Mbili

Homa Bay
6 Februari 1994

Mpendwa Mjomba Werema,

Shikamoo. Hapa nyumbani sote tu wazima isipokuwa mbuzi mmoja wa Baba, ambaye alikula mkeka wa jirani na sasa anaumwa tumbo. Baba anasema kosa ni la mkeka. Mama anakusalimu sana, anasema wewe ndiye kaka pekee aliyembakia na bado huandiki. Anauliza pia sikio lako limefikia wapi. Krismasi ulipokuwa hapa lilikuwa linatoa maji na ulikuwa ukilalia ubavu mmoja tu. Tujulishe.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Juzi mwalimu mkuu wetu, Bi. Mong'ina, alituita ofisini mimi na Joash wa hesabu. Sisi ndio walimu wawili wa kandarasi hapa shuleni. Alituambia bila kuketi kwamba kuanzia Septemba bodi inaweza kuajiri mmoja tu. Kwa masomo tumelingana, hata kwa kuchelewa tumelingana, kwa hiyo ataangalia michezo ya walimu ya mkoa mwezi wa Julai. Ofisini mwake kuna kabati la vioo la kuwekea vikombe vya ushindi. Tangu shule ianzishwe limewekwa chupa ya chai tu. Atakayeleta kikombe atabaki. Joash anacheza drafti. Mimi nina tenisi.

Mjomba, naitaka kazi hii. Sijawahi kutaka kitu hivi. Raketi ni ile ile ya mti uliyonipa nilipomaliza kidato cha nne, na nyuzi mbili za katikati zimekatika. Zilizobaki zimelegea mpaka mipira inaruka ua na kutua kwenye laini ya polisi, na askari wameshazoea, hawairudishi tena. Kuna kitabu kwenye maktaba yetu kinachosema nyuzi zikikazwa sana mpira unakutii lakini hauendi mbali, na zikilegezwa unakwenda mbali lakini haukutii. Hakisemi mtu achague lipi. Naomba wewe uchague. Nimempa Elkanah wa lori la dagaa wa omena raketi pamoja na barua hii.

Mpwa wako,
Kezia


Migori
2 Machi 1994

Mpwa wangu Kezia,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kwa sababu Elkanah aliichomeka kwenye gunia la omena, na gunia likaenda mpaka Isebania kabla ya kurudi hapa. Nimeisoma hivyo hivyo inavyonuka. Mwambie baba yako ampe mbuzi maji ya majivu na aache kusingizia mkeka. Huku mvua bado. Nimepata kazi ya kusuka viti ishirini vya kanisa na ninaifanya polepole. Kiswahili chako kimenyooka, na tuendelee nacho, maana Kikuria chako kinanichekesha na Kidholuo changu kinamchekesha kila mtu.

Kuhusu raketi. Nilikaa miaka kumi na tisa katika klabu ya kampuni moja ya chai kule Kericho, nikitia nyuzi raketi za mameneja, na kila meneja alikuja na namba yake ya mkazo. Mmoja alitaka ratili sitini kwa sababu alikuwa amesoma gazeti. Nilimtilia hamsini na mbili nikamwambia ni sitini, akacheza kwa furaha mpaka akahamishwa. Mwingine alitaka arobaini na tano. Naye nilimtilia hamsini na mbili. Nyuzi zilizokazwa sana zinamfaa mtu mwenye bega la fahali. Wewe una bega la mwalimu. Utachezea hamsini na mbili.

Utauliza napimaje wakati mashine sina, kwa kuwa ile ya klabu iliondoka na meneja wa mwisho. Napima kwa sauti. Kabla mashine haijaondoka niliitia raketi hii hii ratili hamsini na mbili, nikagonga nyuzi kwa ukucha, nikatafuta sauti yake kwenye litungu langu, kile kinubi cha babu zetu. Ni uzi wa tano kati ya zile nane. Na litungu lenyewe nalilinganisha na kengele ya shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yangu, ile rimu ya lori wanayoigonga kwa nondo. Rimu haina malaria wala haizeeki. Basi rimu inaliambia litungu, litungu linaiambia raketi, na raketi itakuambia wewe. Uzi ni nailoni ya kuvulia samaki aina ya mbuta, kutoka kisiwa cha Remba. Umevuta samaki wazito kuliko mpira wako.

Kuhusu hayo mengine mliyouliza, mimi ni mzima.

Mjomba wako,
Werema


Homa Bay
20 Machi 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mbuzi amepona na ameanza kuuangalia mkeka mwingine. Mama amelima upande wa chini wote peke yake, kisha akatulaumu kwamba hatukumsaidia, ilhali alituficha jembe la pili. Baba anashukuru kwa maji ya majivu lakini anasema mbuzi angepona tu.

Mjomba, raketi imekuwa raketi. Nikigonga katikati nasikia sauti moja fupi, nzito, na mpira unakwenda pale pale nilipoutuma. Nimemshinda karani wa wilaya, nimemshinda yule mwalimu wa chuo anayevaa soksi ndefu, na jana nilimshinda bwana wa kilimo seti zote mbili. Ana miaka hamsini na minane na anacheza na kofia kichwani, lakini kumshinda ni kumshinda. Askari wa laini ya polisi wameniuliza kama nimeacha mchezo. Hiyo hamsini na mbili yako usiiguse tena.

Kuna jambo moja dogo. Kwenye ngozi ya mpini, karibu na mwisho, kuna alama zinazotazamana, za juu na za chini. Nilipokupelekea hazikuwepo. Hazinidhuru mkono, nauliza tu.

Na hukusema lolote juu ya sikio. Mama anasema kunyamaza kwako amekujua tangu utotoni.

Mpwa wako,
Kezia


Migori
24 Aprili 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako sikunyamaza, niliandika kurasa mbili. Mvua imefika na imefika yote kwa pamoja. Viti vya kanisa nimemaliza, na mzee mmoja mnene amevijaribu vyote ishirini kwa niaba ya wengine.

Alama ni za panya. Nyumba hii ina panya.

Raketi imefika tena, na karatasi yako kwamba uzi wa pembeni umekatika. Nimetoa nyuzi zote nimetia mpya, kwa maana ukibadilisha mmoja wengine wanaona wivu. Imechukua muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu nilikuwa naumwa jino. Anayeng'oa meno hapa ni kijana mwenye nguvu. Nilikwenda na jino moja bovu la mbele juu, nikarudi nimeng'olewa mawili, kwa sababu la kwanza halikuwa lenyewe. Silalamiki. Wazee wa kwa baba yako waling'olewa sita ya chini wakiwa vijana, kwa hiari, na wanakula samaki bila taabu yoyote. Ila mimi sikuwa nimejiandaa.

Cheza vizuri. Kunja magoti.

Werema


Homa Bay
15 Mei 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa meno. Mama alicheka, kisha akasikitika, kwa mpangilio huo. Anasema atakuletea unga wa wimbi wa uji. Huku sote ni wazima. Joash ameshinda mashindano ya drafti ya wilaya. Alimaliza mapema akarudi kusahihisha madaftari.

Mjomba, nakuandikia kwa heshima. Raketi imekuja ngumu kama meza. Nikipiga, mpira unafia wavuni, na mtetemo unapanda kwenye kiwiko mpaka bega la mwalimu ulilolisema. Siku tatu nimeandika ubaoni kwa mkono wa kushoto na wanafunzi wanadhani ni mtihani wa kusoma. Bwana wa kilimo amenifunga sita-moja, sita-mbili, na hakuivua kofia. Hii ni hamsini na mbili kweli? Imebaki miezi miwili na nusu tu, na Bi. Mong'ina ameshanunua kitambaa cha kufutia vioo vya kabati.

Kwa upande mwingine, safari hii mpini umekuja bila alama mpya. Naona umepata paka.

Mpwa wako,
Kezia


Migori
5 Juni 1994

Kezia,

Salamu kwa wote. Unga wa wimbi umefika, mshukuru mama yako. Mahindi yamefika magotini.

Kuhusu ugumu unaousema. Nimechunguza na nimeona sababu. Shule ya hapa nyuma imebadilisha kengele. Waliiondoa ile rimu ya zamani wakaweka nyingine ya lori dogo, na rimu ndogo inalia juu zaidi. Litungu likafuata rimu, raketi ikafuata litungu. Hakuna mtu wa kulaumiwa isipokuwa labda kamati ya shule.

Lakini pia lazima niseme ukweli, kwamba mchezaji akishindwa huanza kuangalia raketi. Mameneja wote walikuwa hivyo. Je, magoti unakunja? Irudishe kwa Elkanah nitaiangalia.

Sina paka.

Werema


Homa Bay
19 Juni 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Mbuzi hajambo.

Usisumbuke na raketi. Imelegea yenyewe kidogo kwa kuchezewa, na sasa inafaa. Halafu wiki hizi ni za mitihani na sitakuwa na nafasi ya kuituma na kuingoja.

Elkanah alisoma shule hiyo ya nyuma ya nyumba yako. Amepita pale Alhamisi akipeleka omena. Anasema rimu ni ile ile, hata jina lake alilolichora kwa msumari akiwa darasa la nne bado liko.

Kezia


Migori
30 Juni 1994

Kezia,

Elkanah anabeba omena na anabeba maneno, na vyote vinafika vikinuka. Ameniambia alikuona Kisumu Jumapili ya tarehe kumi na mbili, unatoka kwenye klabu ya tenisi na raketi yangu kwapani, na nyuzi zake zilikuwa nyeupe. Nailoni ya Remba ni ya kijani.

Mashine ni kitu kizuri. Mimi mwenyewe nilifanya kazi na mashine miaka kumi na tisa. Nakutakia ushindi.

Werema


Homa Bay
5 Julai 1994

Mjomba,

Barua yako haikuwa na salamu. Nimeisoma mara nne nikizitafuta.

Ni kweli. Nilikwenda Kisumu nikakudanganya kwamba nyuzi zimelegea zenyewe. Niliogopa kukuumiza, na nimekuumiza zaidi. Naomba unisamehe. Fundi wa pale ana kadude kadogo kanachobana uzi na kusoma namba. Kabla ya kukata nyuzi zako za Aprili alizipima. Alisema ni ratili sitini na mbili, akaniuliza kama hiyo raketi tunaikaangia chapati. Nilimwambia atie hamsini na mbili. Akatia kwa mashine, namba nikaiona kwa macho yangu. Nikarudi, nikacheza, na haikuwa yenyewe. Bado ni ngumu. Sauti si ile. Bwana wa kilimo amenishinda tena, safari hii kwa huruma.

Nimekaa nikafikiri. Hamsini na mbili ya mashine si hamsini na mbili yako ya Machi. Yako ilikuwa chini zaidi, ila chini kiasi gani sijui, na nadhani hata wewe hujui. Hakuna namba ninayoweza kumpelekea fundi. Kilichopo ni sauti tu, na sauti iko kwenye litungu lako.

Sasa nitasema lile ambalo hatusemi. Juzi Mama alikuwa anamenya viazi na mimi nafuta raketi. Akaona zile alama za mpini. Akaichukua, akaitazama, akakunja mkono wa blauzi yake. Ana kovu juu ya kiwiko, nimeliona maisha yangu yote sikuwahi kuliuliza. Akauweka mpini kando ya kovu. Akasema, "Huyu ni Werema."

Kisha akaniambia kwamba kwenye matanga ya shangazi kule Rusinga alikuita mara tano ukiwa umempa mgongo, hukugeuka, na hakumwambia mtu.

Mjomba, husikii. Ulikuwa unauma mpini ili upate sauti kwa njia ya meno, na meno yameng'olewa. Sina hasira hata kidogo. Nina huzuni kwamba ulikuwa peke yako na jambo hili tangu Krismasi, ukiandika habari za panya.

Michezo inaanza tarehe ishirini na nane. Jumapili tarehe kumi na saba nakuja Migori na raketi. Ukinifukuza nitakaa kwenye kimoja cha viti vya kanisa.

Mpwa wako,
Kezia


Migori
10 Julai 1994

Mpwa wangu Kezia,

Salamu nyingi kwako, kwa mama yako, kwa baba yako na kwa mbuzi. Nimezirundika zote hapa kwa ajili ya barua mbili.

Ndiyo. Sisikii.

Ilianza Januari, rimu ilipoacha kulia. Nilidhani shule imefungwa. Siku ya tatu nikaenda kuuliza sababu, nikakuta watoto mia tatu uwanjani na mwalimu anagonga kengele mbele ya uso wangu. Nikajifanya nimekuja kuuliza kazi ya viti.

Nani atampa raketi fundi kiziwi? Nilifikiri hivyo tu, hakuna kingine. Nyuzi ndiyo kazi pekee ambayo watu waliwahi kuniuliza maoni yangu. Mke wangu amekwenda mbele ya haki, watoto sikujaliwa, na wewe ndiye mtu wa mwisho anayeniletea raketi. Nikaona nikisema sisikii, utasema pole Mjomba, na hutaleta tena.

Siku moja nilikuwa nimeshika msumari mdomoni na litungu kifuani, msumari ukagusa mti wa litungu, nikasikia uzi ukilia ndani ya kichwa changu. Nilikaa chini. Basi kuanzia hapo nikawa nauma. Niliuma nondo ya kengele ikiwa imegusa rimu wakati walimu wako darasani, nikauma litungu, nikauma raketi yako. Ya Machi niliitia hivyo na ilikuwa sahihi. Yale meno mawili ndiyo yaliyokuwa yakisikia, na yule kijana ameyatupa. Ya Aprili nilikaza mpaka nikadhani nimesikia kitu. Kumbe nilikuwa nasikia mikono yangu.

Mama yako nilimuuma mwaka ule wa nzige kwa sababu alikula ndizi yangu. Mwambie bado naona nilikuwa na haki.

Njoo Jumapili. Uje umeosha masikio.

Mjomba wako,
Werema


Homa Bay
1 Agosti 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema ile ndizi ilikuwa yake, na kwamba kesi haijaisha. Baba amefunga mbuzi kwa mnyororo. Mimi ni mzima, na nitakueleza yote kwa utaratibu kwa sababu najua unasubiri.

Kwanza nikushukuru kwa Jumapili ile. Wewe ulikuwa umeinamia fremu unavuta, mimi nimesimama nyuma yako na litungu nililolilinganisha kwanza na rimu, mkono wangu begani kwako. Nikibonyeza, unakaza. Nikiinua, unalegeza. Uzi baada ya uzi mpaka ukaisha wa mwisho. Uliniuliza mara tatu kama ndiyo yenyewe, nikajibu ndiyo mara tatu, ya tatu kwa sauti kubwa mpaka jirani akatoka kuangalia nani amekubali nini. Ilikuwa yenyewe, Mjomba. Niliijua kabla hata sijapiga mpira.

Kisumu kwenye michezo nilimkuta yule fundi wa mashine, akaomba aipime kwa kadude kake. Alipima pande nne. Ni ratili arobaini na sita. Akasema hakuna mtu anayetia raketi ya mti nyuzi legevu hivyo. Nikaichukua, nikaenda kucheza.

Nilimshinda wa Siaya, nikamshinda wa Kisumu, nikamshinda wa Kuria, ambaye nilimwambia yeye ni mjomba wangu wa mbali na hakufurahi. Fainali nilipambana na mwalimu mmoja kutoka Kisii anayeitwa Gesare. Ana raketi mbili za ng'ambo kwenye mfuko wenye zipu. Tulicheza kuanzia saa nne mpaka saa saba kasoro. Nne-sita, sita-nne, tano-saba. Magoti nilikunja. Mpira ulikwenda kila mahali nilipoutuma, ila Gesare alikuwa ameshafika pale. Sikushindwa na raketi. Nilishindwa na Gesare.

Joash aliwafunga wote kwa drafti siku ya kwanza, akakaa siku mbili zilizobaki akinishangilia. Kikombe chake kiko kabatini, kando ya chupa ya chai, na barua ya kazi amepewa yeye. Aliniomba msamaha. Nilimwambia hajanikosea, alikula tu kete za watu. Halafu nikaingia choo cha walimu nikalia, nakuambia wewe kwa sababu hutamwambia Mama. Niliitaka sana kazi ile.

Sasa sikiliza. Nisamehe, soma. Baada ya mechi Gesare alikuja wavuni kunipa mkono, akaniomba raketi yangu apige mipira mitatu. Alipiga kumi na minane. Akaniuliza nani ametia nyuzi hizi. Nikasema ni Mjomba. Akasema yake moja mpelekee. Wa Siaya akasikia, wa Kisumu akasikia, na bwana wa kilimo, ambaye alikuja kutazama na kofia yake, alikuwa ameshaitoa raketi yake kwenye kifuko. Zote nne nimempa Elkanah pamoja na barua hii, mbele kwenye kiti, mbali na magunia.

Shule inafungwa Ijumaa. Kuanzia Septemba sina kazi. Kama utanitaka, nitazifuata hizo raketi Migori, na nitakaa mpaka niwe nimejifunza kuvuta.

Mpwa wako,
Kezia


Migori
7 Agosti 1994

Mpwa wangu Kezia,

Marahaba, na salamu kwa wote. Nianze na lile ambalo mama yako ameuliza tangu Februari, ili aache. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia lipo kidogo asubuhi kama nimelala vizuri, na nikisimama karibu na mashine ya kusaga nasikia kwamba kuna mashine. Nilikwenda hospitali wiki jana, kama ulivyoniamrisha. Wamenipa matone na tarehe ya kurudi. Hivyo ndivyo lilivyo, na nimeliandika.

Mpongeze Joash. Mtu anayekaa siku mbili kumshangilia anayewania naye kazi hiyo hiyo ni mtu mzuri, ingawa anacheza drafti.

Nimesikitika kwa ajili ya kazi yako. Nilikuwa nimeshaandaa jogoo. Nilimwambia jirani utashinda, na sasa itabidi nimweleze kwa ishara. Lakini umecheza saa tatu na raketi niliyoitia kwa mikono yangu na masikio yako, na hukuilaumu. Nilifurahi mpaka nikaenda kumwambia mke wangu kaburini, ambako angalau hakuna anayenijibu nisisikie.

Kuhusu arobaini na sita. Nimefikiri. Nilipotoka Kericho litungu lilisafiri siku mbili juu ya lori, kwenye mvua, juu ya kitanda. Nadhani lililegea njiani, na mimi nikalilinganisha na rimu kama lilivyofika. Kwa hiyo miaka hii yote nimekuwa nikikosea kwa ratili sita, kila siku kwa kiasi kile kile. Usimwambie mtu. Wakiuliza, ni hamsini na mbili.

Raketi zimefika zote nne na hazinuki. Nimezitundika ukutani. Unauliza kama nitakutaka. Nimefagia chumba cha nyuma, nimepiga chokaa, nimesuka kitanda kipya na kimoja cha viti vya kanisa kilichozidi nimekiweka dirishani. Nimeanza kuweka mkono begani mwangu mwenyewe nikivuta uzi, na haisaidii. Njoo haraka. Nakuhitaji, na si kwa ajili ya masikio tu.

Mjomba wako,
Werema

Nimesahau jambo. Upande wa kulia bado nina magego mawili mazima, na Ijumaa nilikuwa peke yangu na raketi za watu. Nimesikia kidogo, mbali sana, lakini nimesikia. Gesare akiuliza kuhusu alama kwenye mpini wake, mwambie ni panya.